Si kila doa jeupe ni damu: bibi wa miaka 68 na mkono usiotulia

Mgonjwa wa kisa hiki si mtu mmoja. Nimemuunda kutokana na sura ambayo khorea ya sukari, yaani mkono na mguu kuruka vyenyewe kwa sababu ya sukari iliyopanda, hujitokeza nayo wodini, na namba za vipimo ni za kiwango tunachokiona kwa wagonjwa wa aina hii. Nawaandikia hasa madaktari wa zamu, maofisa tabibu na wauguzi, kwa kuwa ndio wanaokutana naye kabla hajafika kwa bingwa wa mishipa ya fahamu, na mara nyingi hafiki kabisa.

Alivyofika

Ni bibi wa miaka 68, mkazi wa kijiji cha pwani mkoani Tanga. Ana kisukari kwa miaka 11. Alikuwa akimeza metformini na glibenklamidi, pamoja na amlodipini ya presha. Mwezi wa Ramadhani alipunguza dawa za sukari mwenyewe, akihofia kushukiwa na sukari akiwa amefunga. Mfungo ulipokwisha hakuzirudia ipasavyo. Wiki zilizofuata akawa anaamka usiku kukojoa mara nyingi, kiu haikatiki, na mwili unapungua. Hayo yote hayakumtoa nyumbani. Kilichomtoa ni mkono.

Alikuwa ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi, mkono wa kushoto ukaruka wenyewe na bakuli likaenda chini. Kufikia siku ya pili mguu wa kushoto nao ulikuwa ukipiga mateke. Binti yake alieleza hivi: "Daktari, mama alikuwa kama anafukuza nzi ambao sisi hatuwaoni."

Zahanati waliandika degedege, wakampa sindano ya diazepamu. Akalala, mkono ukatulia, wote wakaridhika kwamba dawa imefanya kazi. Alipoamka mambo yakawa yale yale. Akapelekwa kituo kikubwa zaidi chenye mashine ya CT, inayopiga picha za ndani ya ubongo. Picha ilionyesha weupe ndani ya ubongo upande wa kulia, na ripoti ikasema: kiharusi cha kuvuja damu. Kuanzia hapo kila kitu kilifuata njia ya kiharusi. Alipewa manitoli ya kupunguza uvimbe wa ubongo, fenitoini ya kuzuia degedege, na presha ikashushwa kwa bidii. Familia iliambiwa ijiandae kwa lolote. Kwenye jalada, mbele ya neno kisukari, kuliandikwa "anatumia dawa". Siku nne zilipita na hakuna kipimo hata kimoja cha sukari kilichoandikwa. Mkono haukutulia, ndipo akapewa rufaa.

Kuangalia kabla ya kugusa

Mgonjwa wa namna hii anahitaji kwanza kuangaliwa tu, dakika tano nzima, bila kumgusa. Tulivuta kiti tukaketi miguuni mwa kitanda na kumwacha azungumze na binti yake.

Mkono wa kushoto haukutulia hata kidogo. Mara bega linarusha mkono wote pembeni, mara kiganja kinajigeuza, mara vidole vinacheza kimoja kimoja. Hakuna mdundo, na mwendo mmoja haukufanana na uliotangulia. Mguu ulijikunja na kujinyoosha, kisigino kikisugua shuka mpaka ngozi imechubuka. Shavu la kushoto lilijivuta kila baada ya muda. Jambo lililonivutia zaidi ni namna alivyojaribu kuficha: kila mkono uliporuka, aliumalizia kwa kuvuta mtandio kichwani, kana kwamba hiyo ndiyo ilikuwa nia yake tangu mwanzo. Wagonjwa wengi wa khorea hufanya hivyo bila kufundishwa. Ukiona mtu anajitengeneza nguo kila wakati, tazama vizuri ni mkono gani unaoanza.

Tulimwomba atoe ulimi na kuushikilia nje. Ulitoka, ukarudi, ukatoka tena. Alipoambiwa aminye vidole vya daktari kwa nguvu ile ile, mkono wa kushoto ulibana na kulegea, ukabana na kulegea. Alipohesabu kutoka 20 kurudi nyuma, mwendo uliongezeka maradufu. Binti aliulizwa kuhusu usingizi, naye akatoa simu: alikuwa amerekodi video tatu, moja mama akiwa amelala fofofo na mkono umetulia tuli. Video hiyo ilikuwa na thamani kuliko nusu ya karatasi za rufaa. Siku hizi familia nyingi zina simu ya kamera, na kuwaomba warekodi mgonjwa akiwa macho na akiwa amelala hakugharimu kitu.

Kwa hiyo, kabla ya kuutaja ugonjwa, tuliutaja mwendo. Haukuwa mtetemeko, kwa sababu mtetemeko una mdundo, unakwenda na kurudi kwenye mstari mmoja. Haukuwa distonia, ambayo hukunja kiungo na kukishikilia kwenye mkao usio wa kawaida, mara nyingi kwa maumivu. Mioklonia nayo ni mshtuko wa ghafla na mfupi, kama ule unaotupata tunapoanza kusinzia. Tiki hutanguliwa na hamu ya kuifanya, na mtu anaweza kuizuia kwa muda. Bibi huyu hakuweza kuzuia chochote. Huu ulikuwa mwendo unaotiririka bila mpangilio kutoka kiungo hadi kiungo: khorea, ya upande mmoja, na pale bega na nyonga zinaporusha kiungo kizima tunauita balizimu. Viwili hivi havina ukuta katikati. Mgonjwa yule yule anaweza kuwa na balizimu Jumatatu na khorea laini Ijumaa.

Degedege lilihitaji kufikiriwa kwa uzito zaidi, kwa sababu kuna mtego hapa. Sukari iliyopanda sana bila ketoni, yaani tindikali zinazotokana na mwili kuchoma mafuta, inaweza kuleta khorea, lakini pia inaweza kuleta degedege la sehemu moja ya mwili linaloendelea kwa saa au siku, mgonjwa akiwa na fahamu zake zote. Tofauti iko kwenye mdundo: degedege hurudia misuli ile ile kwa mpigo ule ule, na mara nyingi usingizi hauliondoi. Kipimo cha EEG, cha umeme wa ubongo, kingesaidia pale penye shaka. Kwa bibi huyu mwendo uliobadilika kila sekunde na uliopotea usingizini ulitosha. Ndiyo maana sindano ya diazepamu ya zahanati ilipotosha: ilimlaza, na usingizi ndio uliotuliza mkono.

Jambo jingine lilikataa hadithi ya kiharusi. Nguvu za mkono na mguu wa kushoto zilikuwa kamili. Alisukuma, alivuta, aliinua mguu dhidi ya uzito wa mkono wa daktari. Usemi wake ulieleweka, aliitikia shikamoo za wauguzi vizuri na alijua siku na mahali. Damu iliyovuja kwenye kiini cha ndani cha ubongo kwa ukubwa ule wa weupe uliokuwa kwenye picha, ikikaa jirani na njia kuu ya neva za mwendo, ingetarajiwa kumwacha amepooza. Ubongo ulikuwa unatuambia kitu kimoja na ripoti ya CT kingine.

Kipimo cha bei nafuu kuliko vyote

Muuguzi wa mapokezi ndiye aliyepima sukari kidoleni, kabla daktari yeyote hajaagiza. Mashine iliandika HI, yaani imepita kiwango inachoweza kusoma. Maabara ilitoa milimoli 34.6 kwa lita. Mkojo haukuwa na ketoni, ila ulikuwa na chembe nyeupe nyingi na nitriti, dalili za maambukizi. Sodiamu 129, potasiamu 4.1, na vipimo vya figo: yurea 11, kreatinini mikromoli 128. HbA1c, yaani kipimo cha wastani wa sukari ya miezi iliyopita, asilimia 14.2. Kimeng'enya cha misuli, yaani CK, kilikuwa 1,150, dalili kwamba misuli ilikuwa inaumia kwa kurushwa usiku na mchana. Kipimo cha VVU na cha kaswende vyote hasi. Presha 148/86, mapigo 104, joto 37.2, ulimi mkavu kabisa.

Sodiamu ile isimtishe mtu. Sukari inapokuwa nyingi kwenye damu huvuta maji kutoka ndani ya seli na kuizimua sodiamu. Ukirekebisha hesabu kwa sukari ya 34.6, sodiamu yake halisi inakuja karibu 137. Ukolezi wa damu ulikuwa takriban 304, chini ya 320 inayotumika kutambua hali ya hatari ya ukolezi uliopindukia. Ndiyo maana alikuwa macho na anazungumza. Hapa pana funzo ambalo vitabu vya zamu havilisisitizi vya kutosha: mgonjwa wa khorea ya sukari haonekani mahututi. Hana koma, hapumui kwa kina, hanuki ketoni. Anakaa kitandani anaongea na wageni huku mkono unaruka, na kwa sababu anaongea, hakuna anayekimbilia kipima sukari.

Weupe wa namna gani?

Tuliomba picha zenyewe, si ripoti tu. Zilikuja kwa simu kwanza, kisha kwenye diski. Weupe ulijaza putameni ya kulia na kichwa cha kaudati ya kulia. Ni viini viwili vya kina vilivyo jirani, na kati ya putameni na thalamasi hupita kapsuli ya ndani, barabara ya neva za mwendo. Kapsuli ilikuwa safi. Weupe ulifuata mipaka ya viini kana kwamba mtu amevichora na kuvijaza rangi. Hapakuwa na uvimbe kuzunguka, tundu za maji ya ubongo hazikusukumwa, mstari wa kati haukuhama.

Damu haina adabu hiyo. Inapovuja hutafuta nafasi, huvuka kapsuli, husukuma jirani zake, na siku chache baadaye huzungukwa na pete nyeusi ya uvimbe. Tulipima pia uzito wa weupe huo kwenye mashine. Ulikuwa vipimo 45 vya Hounsfield, ambavyo ndivyo CT hupimia uzito huo. Donge la damu mbichi kwa kawaida huwa juu zaidi, kati ya 50 na 80, ingawa kwa mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu linaweza kuwa chini, hivyo namba peke yake isitumike kama hakimu. Chokaa kwenye viini hivyo, ambayo ni ya kawaida kwa wazee, huwa nzito zaidi ya hapo na mara nyingi hukaa pande zote mbili.

Weupe wa viini vya upande mmoja, ulio kinyume na mkono unaoruka, kwa mtu mwenye sukari iliyopanda, nguvu zikiwa kamili: kwa mkusanyiko huo hatukuhitaji MRI, yaani picha ya sumaku, kuanza matibabu. Ingekuwepo, ingeonyesha viini hivyo vikiwa vyeupe kwenye aina ya picha zake iitwayo T1, na hiyo ndiyo picha inayojulikana zaidi ya ugonjwa huu. Wakati mwingine CT huwa ya kawaida kabisa na MRI pekee ndiyo inayosema. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zimepata mashine ya CT miaka ya karibuni, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mashine imefika mahali pengi kabla ya msomaji wake, na anayesoma picha usiku ni yule yule anayepokea wagonjwa. Akiandikiwa "mkono wa kushoto, ghafla, mzee", naye akaona weupe upande wa kulia, nani atamlaumu kwa kuandika damu? Karatasi ya kuombea picha ingesema "nguvu kamili, mwendo wa khorea, sukari 34", huenda angeandika tofauti.

Gharama ya usomaji ule haikuwa ndogo. Manitoli humkojoza mgonjwa ambaye tayari anakojoa maji yake yote kwa sababu ya sukari. Fenitoini, mbali na kutosaidia khorea, huzuia kongosho kutoa insulini na inaweza kuipandisha sukari zaidi. Kwa siku nne alikuwa anatibiwa kwa dawa mbili zinazosukuma ugonjwa wake upande usiotakiwa.

Kwa nini sukari irushe mkono?

Viini vya kina vya ubongo vinafanya kazi kubwa ya kuzuia. Thalamasi ingependa kuichochea gamba la ubongo wakati wote, na globasi palidasi huishikilia isifanye hivyo. Kiini kidogo cha subthalamasi huipa palidasi nguvu ya kushikilia. Putameni nayo ina njia mbili, moja ya kulegeza breki na nyingine ya kuikaza. Ile ya kukaza ikizimika, au subthalamasi ikiharibika, breki inaachia na miendo isiyoombwa inapita. Daktari Purdon Martin alionyesha mwaka 1927 uhusiano kati ya jeraha la subthalamasi na kiungo kinachorushwa upande wa pili, na kwa miaka mingi balizimu ilifundishwa kama ugonjwa wa kiini hicho tu. Mwaka 1960 mtafiti Bedwell alieleza uhusiano wake na sukari ya juu. Zilipokuja CT na MRI, ilionekana kwamba kwa wagonjwa wa sukari tatizo hukaa zaidi putameni.

Inakubalika na wengi kwamba sukari ikipanda bila ketoni, seli za neva hushindwa kutumia njia yao ya kawaida ya nishati na kuanza kuchoma GABA, ambayo ndiyo kemikali ya kuzuia. Mwenye ketoni anaweza kutengeneza GABA upya kutokana na asetoasetati, ndiyo maana khorea huonekana zaidi kwa asiye na ketoni. Maelezo haya yanavutia, ila hayatoshi. Wapo wagonjwa wachache wenye ketoni waliopata khorea. Na ikiwa sukari imeenea mwili mzima, kwa nini upande mmoja tu? Huenda mishipa midogo ya upande huo ilikuwa tayari imechakaa. Weupe wenyewe umeelezwa kwa namna tofauti: vidoa vidogo vya damu, seli za astrosaiti (zinazotegemeza neva) zilizovimba, mrundikano wa madini. Wanawake wazee hupata zaidi kuliko wanaume, na kupungua kwa estrojeni kunakofanya vipokezi vya dopamini, kemikali ya ubongo inayochochea mwendo, kuwa vyepesi kushtuka ni sababu inayotajwa mara nyingi.

Ripoti nyingi zilizochapishwa zinatoka Asia Mashariki, na baadhi wamehitimisha kwamba kuna sababu ya kurithi. Binafsi nina mashaka. Kisukari kimejaa miji yetu na vijiji vyetu, na wagonjwa wa aina hii wanaandikwa kiharusi, kifafa au mashetani. Huwezi kuhesabu ugonjwa usioutaja.

Tulichokiondoa, na ambacho hatukukiondoa haraka

Katika nchi zetu, khorea ya upande mmoja kwa kijana au mtu mzima mwenye VVU ni toksoplasma ya ubongo mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa mtoto wa shule, hasa msichana, ni khorea ya Sydenham, na hapo moyo usikilizwe na upimwe kwa ultrasaundi, kwa maana homa ya rumatiki ndiyo iliyo nyuma yake. Mtoto huyo anahitaji sindano ya benzathini penisilini kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka, hata mikono ikishatulia. Ugonjwa wa kurithi wa Huntington huanza polepole, pande zote mbili, na familia ina historia. Tezi ya shingo iliyozidisha homoni, lupasi, damu nzito kupita kiasi: vipimo viliombwa pale vilipowezekana.

Dawa tuliziuliza kwa makini kuliko kawaida. Metoklopramidi, ambayo mitaani wengi wanaijua kwa jina la Plasil, pamoja na haloperidoli, klorpromazini na sindano za muda mrefu za wagonjwa wa akili, zote huleta miendo isiyo ya hiari. Kijana anayekunja shingo na kupindua macho saa chache baada ya sindano ya kuzuia kutapika hana pepo wala pepopunda, ana distonia ya dawa, na sindano ya baiperideni au promethazini humwondolea ndani ya dakika. Bibi huyu hakuwa ametumia hata moja.

Kiharusi hatukukiondoa mara moja. Mgonjwa mwenye kisukari na presha anaweza kuwa na vyote viwili, na jeraha dogo la subthalamasi halionekani kirahisi kwenye CT. Tuliamua kutibu sukari na kurudia picha baada ya wiki. Damu hubadilika ndani ya siku hizo: hufifia kingoni na kuzungukwa na uvimbe. Picha ya pili ilikuwa nakala ya ile ya kwanza.

Matibabu

Fenitoini na manitoli vilisimamishwa siku hiyo hiyo. Mpira wa dripu uliwekwa mkono wa kulia, uliotulia. Ule wa kushoto ulikuwa umeshang'oa mipira mitatu. Alipewa lita moja ya normal saline (maji ya chumvi) kwa saa mbili, tukimsikiliza mapafu, kisha polepole. Pampu ya insulini haikuwepo, kwa hiyo tuliweka uniti 50 za insulini ya haraka kwenye mililita 500 za saline, tukamwaga mililita 50 za kwanza kupitia mrija ili plastiki ishibe insulini, na kuendesha mililita 30 kwa saa. Ni uniti 3 kwa saa, karibu 0.05 kwa kila kilo kwa mwanamke wa kilo 58. Kwa seti ya matone 20 kwa mililita, hayo ni matone 10 kwa dakika, na muuguzi anaweza kuyahesabu kwa saa ya mkononi. Potasiamu iliongezwa mkojo ulipoanza kutoka vizuri. Hatukukimbiza sukari. Lengo la siku ya kwanza lilikuwa kati ya 10 na 14, na asubuhi ilikuwa 14.

Maambukizi ya mkojo yalitibiwa kwa seftriaksoni. Siprofloksasini ilipendekezwa na ilikuwepo kwenye kabati, lakini huyumbisha sukari juu na chini, na hurefusha muda wa umeme wa moyo. Haloperidoli, ambayo tulikuwa tunaifikiria kwa kutuliza miendo, nayo huurefusha. Viwili pamoja kwa bibi mwenye potasiamu inayoshuka havikufaa.

Godoro lilishushwa sakafuni. Kisigino kilifungwa pamba na bandeji, na reli ya kitanda cha jirani ikaviringishwa blanketi. Haya hayaandikwi kwenye miongozo mingi, lakini mgonjwa wa balizimu huvunjika mkono kwa kugonga ukuta.

Je, apewe dawa ya kutuliza miendo au tusubiri sukari ifanye kazi yake? Wengi hutulia ndani ya siku hadi wiki chache baada ya sukari kurudi, na mwenye khorea laini anaweza kuachwa bila dawa nyingine. Siku ya tatu mwendo wake ulikuwa umepungua, ila bado hakuweza kushika kikombe, usingizi ulikuja kwa vipande, na CK ilikuwa haijashuka. Tulipima ECG, yaani umeme wa moyo, tukaanza haloperidoli nusu miligramu mara mbili kwa siku, baadaye miligramu moja mara mbili. Tetrabenazini ingekuwa chaguo zuri kwa sababu haiachi hatari ile ya haloperidoli ya dyskinesia ya baadaye, yaani miendo ya mdomo na ulimi isiyokwisha, lakini kuipata hapa ni shida na bei yake haifikiki. Klonazepamu usiku ilimsaidia kulala wiki ya kwanza.

Usiku mmoja alitapika, na kwenye chati ikaandikwa Plasil. Mfamasia ndiye aliyeizuia. Metoklopramidi juu ya haloperidoli ni kuziba vipokezi vile vile vya dopamini mara mbili, na bibi wa miaka 68 angeamka asubuhi akiwa amekakamaa kama mgonjwa wa Parkinson. Alipewa ondansetroni dozi moja, nayo kwa tahadhari ya ECG.

Siku ya tisa alikunywa chai kwa mkono wa kushoto. Siku ya kumi na mbili aliruhusiwa, kreatinini ikiwa 92.

Nyumbani

Aliondoka na insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni, metformini nusu dozi, na haloperidoli yenye tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye cheti. Tarehe hiyo ni muhimu. Mgonjwa akirudishwa zahanati na dawa isiyo na ukomo, ataendelea kuandikiwa miaka. Kijijini hakuna friji, kwa hiyo binti alifundishwa kuhifadhi chupa ndani ya chungu cha udongo kilichowekwa kwenye kingine chenye mchanga mbichi, kivulini.

Mfungo ulizungumzwa waziwazi. Kwa hali yake ushauri ni kutofunga mwaka unaofuata, naye hakuupenda. Alisema, "Nimefunga tangu sijaolewa." Tulikubaliana aje kliniki mwezi wa Rajabu, wiki sita hadi nane kabla, akiwa na mume wake, na kwamba lolote litakaloamuliwa kuhusu saumu, dawa hazitapunguzwa bila sisi kujua. Khorea hii inaweza kurudi sukari ikipanda tena. Inaweza pia kuanza baada ya sukari kushushwa, wakati mwingine wiki kadhaa baadaye, hivyo sukari ya kawaida kidoleni siku ya kuonwa haitoshi kuiondoa. HbA1c ndiyo inayosimulia miezi iliyopita.

Haloperidoli ilianza kupunguzwa wiki ya nne na kuachwa wiki ya sita. Baada ya miezi mitatu HbA1c ilikuwa asilimia 8.1 na weupe kwenye CT umebaki kivuli tu. Vidole vya kushoto bado hucheza kidogo anapochoka au anapokasirika. Binti aliuliza kama arudishiwe vile vidonge vidogo. Tulikataa. Vidole hivyo havimzuii kupika wala kuswali, na mwanamke wa umri huu ndiye aliye kwenye hatari kubwa zaidi ya kuachwa na miendo ya mdomo na ulimi isiyokwisha kwa sababu ya haloperidoli yenyewe. Tulimwongezea uniti mbili za insulini ya jioni.